Dawa za kuvu na uvimbe wa mapafu kwa panya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Habari ya aina hii haifi. Kila baada ya muda huibuka kichwa cha habari kwamba dawa fulani ya kuvu imewapa panya uvimbe wa mapafu, watu wanatumiana, na baada ya siku mbili maswali ni yale yale. Hapa nimeyakusanya yanayorudi zaidi. Mifano mingi nimeichukua kwa manebu na zinebu, dawa mbili za zamani za familia moja na mankozebu, kwa sababu historia yao ina karibu kila utata ambao utafiti wa namna hii huwa nao. Nikisema panya bila kuongeza neno, nazungumzia wale wadogo wa maabara wenye uzito wa gramu 25 hivi. Wale wakubwa nitawataja kwa ukubwa wao.

Manebu na zinebu ni dawa gani?

Ni viuakuvu vya kundi la dithiokabamati. Manebu imebeba madini ya manganizi, zinebu imebeba zinki, na mankozebu imebeba yote mawili. Zinebu na manebu zilianza kutumika katika miaka ya 1940 na 1950, mankozebu ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Haziingii ndani ya mmea. Hukaa juu ya jani na kuzuia mbegu za kuvu zisiote, na kwa kuwa hushambulia vimeng'enya vingi vya kuvu kwa mpigo mmoja, kuvu huchelewa sana kujenga usugu. Ndiyo sababu zimedumu miongo mingi kwenye viazi, nyanya, zabibu na ndizi, wakati dawa mpya zaidi zimekuja na kuzidiwa na usugu ndani ya miaka michache.

Nani alisema zinawapa panya uvimbe wa mapafu?

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuelekea 1970, watafiti wa Kisovieti waliripoti kwamba panya walionyweshwa dozi kubwa za zinebu au manebu kwa wiki kadhaa walikuwa na vivimbe vingi zaidi kwenye mapafu kuliko wenzao wasionyweshwa. Vivimbe hivyo vilikuwa adenoma, na vilijitokeza hasa kwa panya wa ukoo uitwao A.

Wakati huohuo, nchini Marekani, jaribio kubwa lililofanywa na maabara ya Bionetics kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani lilichapishwa mwaka 1969. Kemikali 120 zilijaribiwa kwa panya chotara wa koo mbili, wakapewa dozi ya juu kabisa wanayoweza kuistahimili, kuanzia wakiwa na umri wa siku 7 hadi miezi 18 hivi. Kemikali 11 zilionyesha wazi kuongeza uvimbe. Manebu na zinebu hazikuwamo kati ya hizo 11. Ethilinithiourea ilikuwamo, na hiyo tutarudi kwayo, maana ni mtoto wa dawa hizi.

Mwaka 1976 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliweka ushahidi wote mezani, likaona hautoshi kuamua upande wowote. Manebu na zinebu zikaishia Kundi la 3, la vitu ambavyo ushahidi wake hauruhusu kuviweka popote.

Inawezekanaje maabara moja ione uvimbe na nyingine isione?

Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu, na ndipo vichwa vya habari huwa havifiki. Jibu kubwa ni ukoo wa panya.

Ukoo wa A ulianzishwa mwaka 1921 na mtafiti Leonell Strong wa Marekani, na tangu zamani unajulikana kwa jambo moja: panya wake huota uvimbe wa mapafu hata wasipopewa kitu. Waache wazeeke tu, na ukiwapasua wengi wao utakuta vivimbe. Panya wa ukoo wa C57BL ni kinyume chake, mapafu yao ni magumu kupata uvimbe hata kwa kemikali kali. Tofauti hii ni ya kurithi. Sehemu yake kubwa imefuatiliwa hadi eneo moja la kromosomu ya 6 liitwalo Pas1, karibu kabisa na jeni ya Kras, ambayo ndiyo hiyohiyo inayopatikana imeharibika katika saratani nyingi za mapafu za binadamu.

Udhaifu huo uligeuzwa kuwa kipimo. Mwaka 1943 iligunduliwa kwamba yurethani, dawa iliyokuwa ikitumika kuwalaza wanyama usingizi, huwajaza panya wa ukoo wa A vivimbe vya mapafu. Kuanzia hapo watafiti, hasa Michael Shimkin na baadaye Gary Stoner, walitengeneza jaribio la haraka: mdunge panya kemikali tumboni mara tatu kwa wiki kwa wiki 8, kisha umsubiri hadi wiki ya 24. Mapafu yanatolewa mazima na kutiwa kwenye maji ya kuhifadhia yaitwayo Tellyesniczky, mchanganyiko wa pombe, formalini na asidi ya asetiki. Baada ya siku moja au mbili pafu linakuwa gumu na lenye rangi iliyofifia, na vivimbe vinajitokeza juu yake kama vidoa vyeupe vinavyong'aa, vya duara, vingi havizidi milimita moja au mbili. Mtu anakaa na kioo cha kukuzia na kuvihesabu kimoja kimoja. Panya asiyepewa kitu huwa na chini ya kimoja kwa wastani. Yule wa yurethani anaweza kuwa na zaidi ya kumi.

Jaribio hili ni la haraka na rahisi, na kwa kemikali zinazoharibu DNA moja kwa moja limefanya kazi nzuri. Lakini linapima kitu kimoja tu: je, kemikali hii inaharakisha jambo ambalo mwili wa panya huyu ulikuwa tayari unaelekea kulifanya? Kwa hiyo ukisoma kwamba dawa imeongeza adenoma kwa panya wa ukoo wa A na haikufanya hivyo kwa ukoo mwingine, usifikiri mmoja wa watafiti alidanganya. Walimuuliza mnyama tofauti, wakapata jibu tofauti.

Adenoma ni saratani?

Hapana, bado. Adenoma ni uvimbe usiovamia tishu za jirani. Kwa panya hutokea zaidi kwenye seli zinazopanga kuta za vifuko vya hewa, zile za aina ya pili zinazotengeneza utelezi unaozuia pafu lisijikunje. Baadhi ya adenoma zikiachwa huendelea kuwa kasinoma, yaani saratani yenyewe, na kwa sababu hiyo wataalamu huhesabu zote mbili pamoja wanapofanya takwimu. Ni sahihi kufanya hivyo. Kisicho sahihi ni mwandishi kuchukua hesabu hiyo ya pamoja na kuiita "saratani ya mapafu". Angalia kwanza ni ngapi zilikuwa kasinoma.

Jambo jingine: uvimbe wa mapafu wa panya hukaa pembezoni mwa pafu na ni nadra kusambaa mwilini. Unafanana na aina moja tu ya saratani ya mapafu ya binadamu, adenokasinoma. Ile ya seli ndogo, ambayo kwa binadamu husambaa kwa kasi na inahusiana sana na sigara, panya wa kawaida hawaipati kabisa.

Ethilinithiourea ni nini, na kwa nini kila mtu anaitaja?

Manebu, zinebu na mankozebu zikivunjika, iwe kwenye jani, ndani ya mwili, au kwenye sufuria, sehemu yake hugeuka kuwa ethilinithiourea, kwa kifupi ETU. Ukipika zao lenye mabaki ya dawa hizi, ETU huongezeka kwa sababu ya joto. Wasiwasi mwingi wa kisayansi kuhusu familia hii uko hapo.

Lakini ETU haishambulii mapafu. Mpango wa Taifa wa Uchunguzi wa Sumu wa Marekani (NTP) uliijaribu na kutoa ripoti mwaka 1992: kwa panya wakubwa ilileta uvimbe wa tezi ya thairoidi, na kwa panya wadogo ilileta uvimbe wa thairoidi, ini na tezi ya pituitari. Sababu ya ule wa thairoidi inaeleweka vizuri. ETU huizuia tezi kutengeneza homoni, ubongo unaiamuru ifanye kazi zaidi, tezi inavimba, na mwishowe uvimbe. IARC iliipandisha ETU kwenye Kundi la 2B, yaani inawezekana inasababisha saratani kwa binadamu, kisha mwaka 2001 ikaishusha hadi Kundi la 3 kwa hoja kwamba njia hiyo ya kupitia homoni haitarajiwi kuwapa binadamu saratani kwa namna hiyohiyo. Marekani haikufuata, huko ETU bado imeorodheshwa kama kitu kinachotarajiwa kwa sababu za msingi kusababisha saratani. Vyombo viwili vyenye wataalamu wazuri, ushahidi uleule, hukumu mbili. Huo nao ni ukweli wa kuujua.

Kuna dawa zinazowapa panya uvimbe wa mapafu kwa njia isiyowezekana kwa binadamu?

Zipo zinazodaiwa hivyo, na hoja yenyewe ni nzuri kuijua.

Mirija ya hewa ya panya imejaa seli za klabu, ambazo zamani ziliitwa seli za Clara. Kwa binadamu ni chache na ziko zaidi kwenye ncha za mirija midogo. Seli hizi kwa panya zina kimeng'enya kiitwacho CYP2F2, ambacho huchukua kemikali fulani na kuzigeuza kuwa kitu cha sumu palepale kwenye pafu. Seli zinakufa, nyingine zinagawanyika kujaza pengo, zinakufa tena, na kadiri mzunguko huo unavyoendelea kwa miezi ndivyo uvimbe unavyopata nafasi. Binadamu tuna ndugu wa kimeng'enya hicho, CYP2F1, lakini kazi yake kwenye mapafu yetu ni ndogo sana.

Ushahidi wenye nguvu zaidi umetoka kwenye stairini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Panya waliozaliwa bila jeni ya Cyp2f2 walipopumua stairini kwa muda mrefu, mapafu yao hayakupata uvimbe uliowapata panya wa kawaida. Fluensulfoni, ambayo ni dawa ya minyoo ya udongo na si ya kuvu, ilileta uvimbe wa mapafu kwa panya wa kike, na hoja hiyohiyo ikatumiwa kuitetea.

Sasa angalia kilichofuata: mwaka 2018 IARC iliipandisha stairini hadi Kundi la 2A, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu, pamoja na hoja yote ya CYP2F2. Kwa hiyo mtengenezaji wa dawa akikuambia "hii ni ya panya tu", muulize kama amefanya jaribio la kuondoa jeni, au anaazima la mwenzake.

Dozi waliyopewa panya inalingana na ninayoipata mimi?

Hailingani hata kidogo, na haikukusudiwa ilingane. Jaribio la miaka miwili hutumia kwa kawaida panya 50 wa kila jinsia kwa kila kiwango cha dozi. Kwa idadi hiyo huwezi kuona madhara yanayompata mmoja kati ya elfu kumi, basi watafiti hupandisha dozi mpaka kwenye ukingo wa kile mnyama anachoweza kustahimili, ili kama kuna madhara yajitokeze.

Kamati ya pamoja ya FAO na WHO kuhusu mabaki ya viuatilifu iliweka mwaka 1993 kiwango kinachokubalika kwa siku cha hadi miligramu 0.03 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa kundi zima la manebu, mankozebu, zinebu na ndugu yao metiramu. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 1.8. Kwa ETU peke yake kiwango ni kidogo zaidi, 0.004 kwa kilo. Ukikutana na jaribio lililompa panya miligramu 300 kwa kilo kwa mkupuo mmoja, hiyo ni mara 10,000 ya kile kiwango cha kundi. Dozi za namna hiyo huweza kulizidi ini nguvu na kuua seli, na seli zinazokufa na kuota upya zina njia yake ya kuelekea kwenye uvimbe ambayo dozi ndogo haiigusi.

Hilo halifanyi jaribio liwe bure. Linakuambia uendelee kuchunguza wapi.

Kunywesha, kudunga na kuvuta hewani, vina tofauti?

Vina tofauti kubwa. Kitu kilichopita tumboni hupita kwanza kwenye ini, ambalo hukivunja au hukigeuza. Kitu kilichovutwa hewani hufika kwenye pafu kikiwa kizima. Uvimbe wa pafu uliotokana na kunywesha unamaanisha kemikali au kizalia chake kilisafiri kwa damu hadi kwenye pafu. Majaribio ya kudunga tumboni ni ya mbali zaidi na maisha ya mtu yeyote, na binafsi huwa nayapa uzito mdogo zaidi.

Nawezaje kujua matokeo si bahati tu?

Uvimbe wa mapafu ni miongoni mwa uvimbe wa kawaida kabisa kwa panya. Kwa B6C3F1, chotara anayetumiwa sana na NTP, mmoja kati ya madume watano hivi hukutwa nao akiwa na miaka miwili bila kupewa chochote, na wakati mwingine zaidi. Ukipata 10 kati ya 50 kwenye kundi la kawaida na 16 kati ya 50 kwenye kundi la dozi ya juu, inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa bahati. Na wataalamu hukagua tishu karibu 40 kwa kila mnyama, jinsia mbili, mara nyingi spishi mbili. Ukirusha mishale mingi hivyo, mmoja utagonga kitu.

Kwa sababu hiyo, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, kwa majaribio ya dawa za binadamu hutaka uvimbe wa kawaida upite kigezo kikali zaidi, uwezekano wa bahati usiozidi 0.01 unapolinganisha makundi mawili, huku uvimbe adimu ukiruhusiwa 0.05. Mambo mengine ya kuangalia: je, uvimbe unaongezeka hatua kwa hatua kadiri dozi inavyopanda? Umeonekana kwa jinsia zote? Umewahi kutokea kwa wingi huohuo kwenye makundi ya kawaida ya maabara ileile miaka ya nyuma? Na aliyesoma vioo vya hadubini, alijua panya yupi ni wa kundi gani?

Kundi la 3 la IARC maana yake dawa ni salama?

Hapana. Maana yake ushahidi uliopo hauruhusu kuiweka popote. Inaweza kuwa ni kwa sababu imechunguzwa ikaonekana haina neno, au kwa sababu hakuna aliyeichunguza vya kutosha. Manebu na zinebu ziko karibu zaidi na hali ya pili kuliko watu wengi wanavyodhani. Tena makundi ya IARC hupima uimara wa ushahidi, hayapimi ukali wa sumu wala hatari ya kiwango unachokutana nacho.

Basi kama panya hawafanani nasi, kwa nini tusiwapuuze tu?

Kwa sababu ya arseniki.

Misombo ya arseniki ilipuliziwa kwenye mashamba ya zabibu ya Ulaya dhidi ya wadudu, na arseniti ya sodiamu iliendelea kutumika Ufaransa dhidi ya ugonjwa wa kuvu wa shina la mzabibu uitwao eska hadi mwaka 2001. Ujerumani ilikuwa imepiga marufuku arseniki kwenye mizabibu mwaka 1942. Ilikuwa imechelewa. Katika miongo iliyofuata, wakulima wa zabibu wa bonde la Mosel waliendelea kufika hospitali wakiwa na ngozi iliyokauka na kuota sugu viganjani, ini lililoharibika, na saratani ya mapafu. Walikuwa wamevuta vumbi na ukungu wa dawa, na juu yake wakinywa mvinyo wa nyumbani uliotengenezwa kwa makapi yenye mabaki yake. Leo arseniki iko Kundi la 1 la IARC, yaani inasababisha saratani kwa binadamu, na mapafu ni mojawapo ya viungo vinavyotajwa.

Muda wote huo panya walikuwa kimya. Kwa miaka mingi wanasayansi waliwalisha na kuwanywesha arseniki, na matokeo hayakuwa ya kueleweka, kiasi kwamba wengine walitilia shaka ushahidi wa binadamu uliokuwa mbele ya macho yao. Mambo yalibadilika mwaka 2003, pale kundi la Michael Waalkes lilipowapa panya wenye mimba maji yenye arseniki kwa siku kumi tu za ujauzito. Watoto, ambao wao wenyewe hawakunyweshwa chochote baada ya kuzaliwa, walipozeeka walikuwa na uvimbe wa viungo kadhaa, na watoto wa kike walipata saratani ya mapafu. Panya alikuwa na jibu. Kabla ya hapo alikuwa akiulizwa katika umri usio wake.

Kuna mfano mwingine wa mizabibu ambao haukuanzia kwa panya. Mwaka 1969 madaktari wa Ureno walieleza ugonjwa wa mapafu wa wapulizaji wa mchanganyiko wa Bordeaux, yaani salfeti ya shaba na chokaa, dawa ya kuvu ambayo hata leo watu huiona ya asili na isiyo na neno. Mapafu ya wagonjwa yalikuwa na makovu na vinundu vyenye shaba ndani yake.

Wapulizaji wenyewe wamechunguzwa?

Wamechunguzwa. Utafiti mkubwa zaidi ni ule wa afya ya wakulima ulioanza Marekani mwaka 1993 katika majimbo ya Iowa na North Carolina, wenye watu karibu 90,000 wakiwamo wapulizaji na wenzi wao. Kwa jumla wakulima hao hupata saratani ya mapafu kidogo kuliko raia wengine, na sababu kuu inajulikana: wanavuta sigara kidogo. Sigara ni kubwa mno katika saratani ya mapafu hivi kwamba athari ndogo ya dawa moja hufunikwa nayo, isipokuwa utafiti umeihesabu sigara ya kila mtu kwa makini.

Ulaya iliondoa mankozebu kwa sababu ya mapafu ya panya?

La. Umoja wa Ulaya ulikataa kuhuisha kibali chake mwezi Desemba 2020 kwa sababu mbili kuu: iliwekwa kwenye daraja la kemikali zenye madhara kwa uzazi, na ilionekana kuvuruga homoni. Ni thairoidi tena, si mapafu.

Nimesoma kwamba dawa ya kuvu inapunguza uvimbe kwa panya. Ipi ni kweli?

Zote mbili zinaweza kuwa kweli, kwa dawa tofauti na kwa majaribio tofauti. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin walionyesha kwamba thiabendazoli, inayotumika kwenye matunda dhidi ya kuvu na kwa watu dhidi ya minyoo, huvunja mishipa midogo ya damu inayolisha uvimbe na kuchelewesha ukuaji wake kwa panya. Waliipata kwa njia ya kupendeza: walitafuta jeni ambazo hamira huzitumia kwa kazi nyingine kabisa na ambazo wanyama wenye uti wa mgongo huzitumia kujenga mishipa. Uvimbe waliojaribia haukuwa wa mapafu.

Itrakonazoli, dawa ya fangasi ya binadamu, imefika mbali zaidi. Ilijaribiwa pamoja na kemotherapi kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, na jaribio moja lililochapishwa mwaka 2013 lilionyesha walioipata waliishi muda mrefu zaidi. Walikuwa wagonjwa 23 tu. Mtu asiende kununua itrakonazoli kwa sababu hiyo. Inagongana na dawa nyingi na inaweza kuudhoofisha moyo.

Tofauti ya msingi ni hii: katika majaribio ya sumu panya hupewa dawa akiwa mzima ili ionekane kama atapata uvimbe, na katika majaribio ya tiba hupandikizwa uvimbe kwanza. Kichwa cha habari hakikuambii ni lipi.

Mimi hupulizia dawa hizi. Nifanye nini?

Saa ya hatari kuliko zote ni ya kuchanganya, wakati unga mkavu unapofunguliwa na vumbi kupanda usoni. Kama dawa yako inapatikana kwa punje badala ya unga, chukua ya punje. Vaa glavu zisizopitisha maji na barakoa yenye kichujio cha chembe, si kitambaa. Geuza mgongo upepo unakotoka. Oga na ubadilishe nguo kabla ya kuwashika watoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mwenye mimba asichanganye wala asipulizie, na sababu ni ileile ya thairoidi: mtoto tumboni anategemea homoni za mama. Nchini Costa Rica wajawazito walioishi karibu na mashamba ya migomba yanayopuliziwa mankozebu kwa ndege walipimwa mkojo, na kadiri walivyokaa karibu ndivyo ETU ilivyokuwa nyingi. Hawakuwa wapulizaji.

Na mabaki kwenye mazao?

Kwa kuwa dawa hizi hukaa juu juu, kuosha vizuri kwa maji yanayotiririka na kumenya huondoa sehemu nzuri. Osha kabla ya kupika, si baada, kwa sababu joto ndilo linalotengeneza ETU. Kwa mkulima, siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna zimeandikwa kwenye kibandiko cha chupa au mfuko, na hakuna kuosha kunakozifidia.

Majaribio haya ya miaka miwili kwa panya yataendelea?

Kwa viuatilifu bado ni utaratibu wa kawaida, ingawa mamlaka kadhaa sasa hukubali mwombaji aruke jaribio la panya wadogo akionyesha kwa ushahidi mwingine kwamba halitaongeza kitu. Kwa dawa za binadamu wengi wamehamia kwa panya wa rasH2, waliotengenezwa Japani kwa kupandikizwa jeni ya HRAS ya binadamu, ambao hutoa jibu ndani ya wiki 26. Panya hao nao hupata uvimbe wa mapafu bila kupewa chochote, kwa hiyo mabishano kuhusu vivimbe vichache vya ziada yameendelea palepale, ila sasa yanaanza mapema zaidi.